VLAN 30 yapotea usiku wa matengenezo: uchambuzi wa adapta pepe kwenye seva ya Power

Saa nane kasoro usiku, VIOS ya kwanza (patisheni maalumu inayozipa nyingine njia ya kutoka nje) ya seva moja ya IBM Power S924 iliwashwa upya ili ipokee toleo jipya la programu. Kazi ya kawaida kabisa. Seva ina VIOS mbili kwa ajili hiyo hiyo: moja ikitoka, nyingine inabeba. Lakini sekunde chache baadaye patisheni (mashine pepe ndani ya seva) tatu za hifadhidata zikapotea mtandaoni, huku patisheni nyingine nane za mashine ile ile zikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya dakika arobaini VIOS ya kwanza ilirudi, na zile tatu zikarudi nayo bila mtu kugusa kitu.

Tiketi za namna hii hufungwa upesi: "tatizo la muda la mtandao, limejirekebisha." Mtandao haujirekebishi. Huyu mgonjwa alipona kwa sababu daktari mwingine alirudi kazini, na uchambuzi huu unaeleza ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi. Majina, anwani na namba za VLAN (mitandao iliyotengwa kwa namba ndani ya waya mmoja) humu ni za mfano. Amri ni zile zile zinazotumika kwenye HMC (mashine ya kusimamia seva), VIOS na AIX (mfumo endeshi wa IBM).

Mashine ilivyopangwa

Ni S924 ya aina 9009-42A, kizazi cha POWER9. Ina VIOS mbili, vios1 na vios2, na patisheni 11 za kazi, nyingi zikiwa AIX 7.2 na chache Linux. Hakuna patisheni ya kazi yenye kadi halisi ya mtandao. Kila moja ina adapta pepe iliyounganishwa na swichi pepe iitwayo ETHERNET0. Swichi hiyo haimo ndani ya VIOS, ingawa wengi hudhani hivyo; ni kazi ya hipavaiza yenyewe, programu ya chini inayoigawa mashine katika patisheni. Ndiyo maana VIOS zote mbili zikizimwa, patisheni mbili zilizo kwenye VLAN moja bado zitaongea humo ndani.

Fremu, yaani kifurushi cha data cha mtandao, ikitaka kutoka nje ya sanduku ndipo inapohitaji VIOS. Kila VIOS ina SEA (Shared Ethernet Adapter), daraja lenye miguu miwili: mguu wa ndani ni adapta pepe ya tranki, inayobeba VLAN nyingi, mguu wa nje ni kadi halisi. Hapa SEA inaitwa ent8 pande zote mbili. Ndani kuna ent4, iliyo kwenye sloti pepe ya 10; nje kuna ent7, muungano wa LACP, milango miwili inayofanya kazi kama mmoja. Tranki ya vios1 ina kipaumbele 1 na ya vios2 ina kipaumbele 2. Namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Kwa kuwa ha_mode, sifa inayoamua nani apitishe, ni auto, vios1 hupitisha kila kitu na vios2 hukaa ikisubiri zamu. Tangu VIOS 2.2.3, SEA mbili za namna hii zinaweza kuulizana hali kupitia VLAN 4095, bila kutengewa adapta ya mazungumzo kama zamani.

Sasa VLAN. Hapa inafaa kwenda taratibu, maana kisa chote kimejificha humu.

Adapta ya db1, patisheni mojawapo kati ya zile tatu, ina PVID (VLAN ya msingi ya adapta) 30 na haina VLAN ya nyongeza. AIX haijui lolote kuhusu VLAN; inatuma fremu tupu. Hipavaiza ndiyo inayobandika lebo ya 30 ya 802.1Q, kiwango cha lebo za VLAN. Fremu ikienda db2, ambayo nayo ina PVID 30, lebo inabanduliwa mlangoni na safari inaishia humo humo. Ikienda kwingine, hipavaiza inaikabidhi tranki iliyo hai inayobeba VLAN 30. Kama 30 imeandikwa kwenye orodha ya VLAN za nyongeza za tranki hiyo, fremu inapita na lebo yake mpaka kwenye kebo, na swichi halisi inaipokea ikiwa na lebo. Kama 30 ingekuwa PVID ya tranki, lebo ingebanduliwa na fremu ingetoka tupu, ikaangukia VLAN ile ambayo mlango wa swichi huwapa wasio na lebo. Kwa sababu hiyo PVID ya tranki huwekwa namba isiyotumiwa na patisheni yoyote. Hapa ni 999. Anayeiacha PVID ya tranki iwe 1 na kisha kuzipa patisheni VLAN 1 atakuja kukesha siku moja.

Adapta moja ya tranki hubeba VLAN 20 za nyongeza, si zaidi, na SEA moja huweza kuchukua tranki 16. Mashine hii ina VLAN tatu tu, 10, 20 na 30, kwa hiyo tranki moja kila upande inatosha na kubaki.

Je, kama hakuna tranki iliyo hai yenye 30? Fremu haina pa kwenda. Na db1 haitaona dalili yoyote kwenye adapta yake: en0 itabaki juu na errpt (orodha ya makosa ya AIX) itakaa kimya, kwa sababu waya wa adapta pepe ni wa hipavaiza na haukatiki kwa sababu daraja limevunjika upande wa pili. AIX za karibuni zina sifa ya poll_uplink kwenye adapta pepe inayoiwezesha patisheni kujua hali ya njia ya nje, ila isipowashwa, patisheni inaishi kwa imani.

Kilichoonekana katika zile dakika arobaini

Aliyekuwa zamu alichukua vipimo vitatu kabla huduma haijarudi, na bila hivyo uchambuzi ungekuwa wa kubahatisha. Cha kwanza kwenye db1:

arp -an

Lango la VLAN hiyo, 10.30.0.1, lilionekana hivi: ? (10.30.0.1) at (incomplete). Maana yake db1 inauliza "nani ana anwani hii?" na hakuna anayejibu. Swali halifiki, au jibu halirudi. Ukuta wa moto hauhusiki hapa. Kama tatizo lingekuwa kanuni za ukuta wa moto, anwani ya MAC (ya kadi yenyewe) ya lango ingeonekana na mawasiliano yangekatikia mbele yake. Kipimo hiki kinachukua sekunde mbili na kinamaliza mabishano na watu wa usalama.

Cha pili, ping kutoka db1 kwenda db2, zote zikiwa ndani ya mashine moja na VLAN moja. Ilijibu vizuri. Kumbe adapta ni nzima, PVID ni sahihi na hipavaiza inafanya kazi. Kinachokosekana ni njia ya kutoka.

Cha tatu, ping kutoka patisheni ya VLAN 10 kwenda lango lake. Ilijibu. Kwa hiyo vios2 ilikuwa imeshachukua zamu na SEA yake inapitisha. VLAN 30 peke yake ndiyo iliyoachwa mlangoni.

Kwa vipimo hivyo vitatu eneo la msako limebaki dogo: ama tranki ya vios2 haina 30, ama mlango wa swichi halisi ulio upande wa vios2 hauruhusu 30. Kulikuwa na pendekezo la kuziwasha upya patisheni za hifadhidata. Lingeongeza saa ya kusubiri hifadhidata ijipange upya, na zingerudi zikiwa vile vile, bubu kwa nje.

Adapta moja, picha tatu

Asubuhi kazi ikaanza kwa utulivu. Mipangilio ya adapta pepe kwenye seva hizi hukaa mahali patatu, na makosa mengi hutokana na kuangalia pamoja tu.

Mahali pa kwanza ni ndani ya mfumo endeshi, yaani vile adapta inavyojiona. Kwenye AIX:

entstat -d ent0 | grep -E "Port VLAN|VLAN Tag|Switch ID"

db1 ilionyesha Port VLAN ID 30, VLAN Tag IDs: None, Switch ID: ETHERNET0. Sawa kabisa. Kabla ya kuamini matokeo, hakikisha ent0 ndiyo adapta unayoidhania: lscfg -l ent0 hutoa msimbo wa mahali unaoishia kwa mfano V5-C2-T1, yaani patisheni namba 5, sloti pepe namba 2. Namba ya sloti ndiyo kamba inayofunga jina la AIX na jina la HMC. Ent0 ya leo inaweza kuwa ent1 kesho baada ya mtu kufuta na kuongeza adapta. Kwenye Linux, ethtool -i eth0 itaonyesha kiendeshi ibmveth, na ls -l /sys/class/net/eth0/device itaonyesha anwani kama 30000002, ambapo mkia ni sloti kwa hesabu ya kumi na sita: sloti ya 10 itasomeka 3000000a.

Upande wa VIOS, ukiwa padmin (mtumiaji msimamizi wake):

lsmap -all -net
entstat -all ent8 | grep -E "State|Priority|Port VLAN|VLAN Tag"

Amri ya kwanza inathibitisha kuwa ent8 imejengwa juu ya ent4 ya sloti C10. Ya pili ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Kwenye vios1 tranki ilisema VLAN Tag IDs: 10 20 30. Kwenye vios2 ilisema 10 20.

Mahali pa pili ni kumbukumbu hai ya hipavaiza, inayosomwa kutoka HMC:

lshwres -r virtualio --rsubtype eth --level lpar -m S924-A -F lpar_name,slot_num,is_trunk,trunk_priority,port_vlan_id,addl_vlan_ids,vswitch | grep vios

Ikatoa:

vios1,10,1,1,999,"10,20,30",ETHERNET0
vios2,10,1,2,999,"10,20",ETHERNET0

Hipavaiza na VIOS zinasema jambo moja, kwa hiyo hili si suala la VIOS kushindwa kusoma mabadiliko. VLAN 30 kweli haipo kwenye tranki ya vios2.

Mahali pa tatu ni profaili, karatasi ya maelekezo ambayo HMC huisoma inapoiamsha patisheni:

lssyscfg -r prof -m S924-A --filter lpar_names=vios2 -F name,virtual_eth_adapters

Profaili ya vios2, iitwayo kawaida, ilikuwa na mstari huu, ukiondoa alama za nukuu:

10/1/999/10,20/2/1/ETHERNET0//all/none

Usomwe hivi, kutoka kushoto: sloti 10, 802.1Q imewashwa, PVID 999, VLAN za nyongeza 10 na 20, kipaumbele cha tranki 2, adapta ni ya lazima, swichi pepe ETHERNET0, MAC imeachwa wazi ili HMC iitengeneze, anwani zote za MAC zinazowekwa na mfumo endeshi zinaruhusiwa, hakuna daraja la QoS (kipaumbele cha trafiki). 30 haimo.

Kisha profaili ya vios1 ikasomwa, kwa kutimiza wajibu tu. Nayo ilikuwa na 10,20. VIOS inayofanya kazi vizuri, yenye VLAN 30 kwenye kumbukumbu hai, ilikuwa imebeba profaili isiyoijua VLAN 30.

Ilivyofika hapo

Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano, historia inajisimulia. VLAN 30 iliongezwa kwenye VIOS zote mbili zikiwa hewani, kwa chhwres. Amri hiyo hubadilisha kumbukumbu hai peke yake. Haiandiki kwenye profaili, isipokuwa patisheni imewekewa ulinganisho wa profaili mapema. Siku ile kila kitu kilijibu na kazi ikahesabiwa imekwisha.

Baadaye kadi halisi ya mtandao ya vios2 ilibadilishwa. VIOS hiyo ilizimwa kabisa na kuamshwa kutoka HMC kwa kutaja profaili:

chsysstate -r lpar -m S924-A -o on -n vios2 -f kawaida

Hapa ndipo 30 ilipoangukia. Kuwasha upya kutoka ndani ya mfumo endeshi, kwa shutdown -restart, hakusomi profaili. Patisheni inarudi na vifaa vile vile ilivyokuwa navyo. Kuzima kabisa na kuamsha kwa -f kunaisoma profaili neno kwa neno na kufuta kila kilichoongezwa hewani. Ukiacha -f, HMC huamsha kwa mipangilio ya mwisho iliyokuwa hai. Herufi moja tu.

Kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu vios2 ilirudi ikiwa ya akiba. Tranki yake ilikuwa haipitishi hata fremu moja ya patisheni, kwa hiyo upungufu wake haukuwa na wa kumuumiza. Ukaguzi wa baada ya kubadilisha kadi ulitazama kama SEA iko kwenye hali ya BACKUP, na kweli ilikuwa BACKUP. Hali hiyo inaeleza kuwa SEA mbili zinasikilizana. Haielezi kwamba zinabeba VLAN zile zile. Kwenye ha_mode ya auto, vios2 yenye VLAN pungufu itasubiri zamu yake kwa adabu zote.

Na vios1 ilinusurika usiku ule kwa sababu masasisho ya VIOS humalizika kwa shutdown -restart. Kama siku moja sanduku zima lingezimwa kwa ajili ya umeme, na VIOS zote kuamshwa kwa profaili, VLAN 30 isingekuwepo upande wowote, na hapo hakungekuwa na dakika arobaini za kusubiri mtu arudi.

Marekebisho

Kabla ya kuongeza chochote hewani, HMC lazima iwe inaongea na VIOS kwa RMC, njia yao ya mawasiliano:

lssyscfg -r lpar -m S924-A -F name,state,rmc_state

rmc_state iwe active. Isipokuwa hivyo, angalia kwanza kama bandari 657, TCP na UDP, imezibwa kati ya HMC na VIOS. Kisha:

chhwres -r virtualio --rsubtype eth -m S924-A -o s -p vios2 -s 10 -a "addl_vlan_ids+=30"

Alama ya += ndiyo yote. Ukiandika = peke yake, orodha nzima inabadilishwa kuwa 30 na umezitupa 10 na 20. Kwenye mashine za zamani, ambazo haziruhusu kubadilisha tranki iliyo hewani, njia ni kuongeza adapta ya pili ya tranki yenye 30 na kuiingiza kwenye SEA kwa chdev -dev ent8 -attr virt_adapters=ent4,ent5; S924 haihitaji hilo.

entstat kwenye vios2 ikaonyesha 10 20 30 papo hapo, SEA haikuhitaji kujengwa upya.

Kuhifadhi kwenye profaili kuna mtego wake. Amri ni hii:

mksyscfg -r prof -m S924-A -o save -p vios2 -n kawaida --force

Inanakili hali hai yote, si mtandao tu. Kama mtu alipunguza kumbukumbu ya VIOS kwa muda wiki iliyopita, au aliongeza sloti ya majaribio, nayo itaingia. Kwa hiyo profaili ya zamani ilichapishwa kwanza kwa lssyscfg -r prof bila -F, ikahifadhiwa kwenye faili, na baada ya kuhifadhi mpya zikalinganishwa mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa moja tu, 30. Wengine hupenda kuhariri virtual_eth_adapters moja kwa moja kwa chsyscfg; inawezekana, lakini orodha ile ikiandikwa kwa = hufuta adapta zote zisizotajwa, na nukuu zake ndani ya nukuu ni za kumtoa mtu machozi. Hifadhi ya hali hai ni salama zaidi kwa mkono uliochoka.

Mwishoni ikawekwa isijirudie:

chsyscfg -r lpar -m S924-A -i "name=vios2,sync_curr_profile=1"

Kuanzia hapo badiliko la hewani linaandikwa pia kwenye profaili inayotumika. Hatua hizo hizo zikafanywa kwa vios1, ambayo ilihitaji kuhifadhiwa tu.

Jaribio, na kosa la pili

Picha tatu zilipolingana, lilibaki swali ambalo HMC haiwezi kulijibu: je, nje ya sanduku kuna njia? Dirisha la matengenezo likafunguliwa. Ping za mfululizo zikawekwa kutoka patisheni moja ya kila VLAN, na vios1 ikaambiwa ikae pembeni:

chdev -dev ent8 -attr ha_mode=standby

VLAN 10 na 20 zikapoteza ping chache na kuendelea. VLAN 30 ikanyamaza. arp -an: incomplete tena.

Safari hii kulikuwa na utulivu wa kupima. Kwenye vios2, uhesabuji wa SEA ukawashwa kwa chdev -dev ent8 -attr accounting=enabled, kisha seastat -d ent8. Amri hii inaorodhesha trafiki kwa MAC na VLAN. MAC ya db1 ilionekana chini ya VLAN 30, namba za upande mmoja zikipanda na za upande wa pili zikiwa zimeganda. Maswali ya ARP yanaingia darajani, majibu hayarudi. Tranki imepona, kilichobaki ni swichi.

Huko, swichi za Cisco, amri mbili zilitosha. show interfaces trunk ilionyesha muungano wa milango wa vios2 ukiruhusu 10, 20 na 999. show mac address-table vlan 30 haikuwa na MAC hata moja kutoka mlango huo. Kadi ilipobadilishwa, kebo zilihamishiwa milango mipya, na milango hiyo iliandaliwa kwa kufuata orodha ya VLAN iliyotolewa kwenye profaili ya vios2. Kosa la kwanza likazaa la pili.

Rekebisho lilifanywa kwenye muungano wenyewe, si kwenye mlango mmoja mmoja:

switchport trunk allowed vlan add 30

Tazama neno add. Bila hilo, swichi inafuta orodha na kubakiza 30 peke yake, mtego ule ule wa += katika vazi jingine. Aliyeandika amri hii alikuwa ameshaumwa na nyoka huyo kwenye HMC, akaisoma mara mbili kabla ya kubonyeza.

VLAN 30 ikajibu. vios1 ikarudishwa kwa ha_mode=auto, ikachukua tena zamu yake kwa sababu kipaumbele chake ni 1, na jaribio likarudiwa tangu mwanzo. VLAN zote tatu zilivuka kwenda na kurudi.

Mengineyo yaliyookotwa njiani

Sifa za ent8 zililinganishwa pande zote mbili kwa lsdev -dev ent8 -attr. largesend (kutuma vipande vikubwa vya data kwa pamoja) ilikuwa 1 kwenye vios1 na 0 kwenye vios2. Haikukata mtu mtandao, ila nakala rudufu za usiku zingekuwa nzito pindi zamu ikihamia vios2. Ikalinganishwa.

BPDU Guard haikuwa imewashwa kwenye milango ya swichi inayokwenda kwenye SEA. Mazungumzo kati ya SEA mbili yakikatika na kila moja ikajiona ndiyo PRIMARY, fremu za matangazo zitazunguka humo bila kikomo mpaka swichi zilemewe. BPDU Guard hufunga mlango pale mzunguko unapojitokeza, nayo ikawashwa.

Kwenye db2, entstat -d ilikuwa na No Resource Errors chache, na mtu akazishuku. Hazikuhusika. Hizo hupanda bafa za adapta pepe zinapoisha patisheni inapopokea kwa kasi. Hutazamwa kwenye jedwali la Tiny, Small, Medium, Large na Huge mwishoni mwa entstat. Pale Max Allocated inapogota kwenye Max Buffers ndipo huongezwa min_buf na max_buf za aina husika. Hiyo ni kazi ya siku nyingine, na dalili yake ni polepole, si kimya.

Ukaguzi uliobaki ukawekwa kwenye ratiba: mara moja kwa wiki seva ya usimamizi inaingia HMC kwa ssh, inavuta matokeo ya lshwres kwenye faili moja na ya lssyscfg -r prof kwenye faili nyingine, inachomoa sehemu ya VLAN za kila tranki na kulinganisha mambo mawili. Kwanza, hali hai dhidi ya profaili kwa kila VIOS. Pili, vios1 dhidi ya vios2. Tofauti yoyote inatuma ujumbe. Swichi haimo kwenye ukaguzi huo, kwa hiyo zamu ya SEA inahamishwa kwa makusudi kila robo mwaka, ping zikiwa zinatazamwa VLAN kwa VLAN.

Mara ya kwanza hati hiyo ya amri za ukaguzi ilipoendeshwa ilitoa mstari mmoja. Si wa VIOS. db3 ilikuwa na adapta ya pili hewani, sloti ya 4, PVID 20, ambayo profaili yake haikuijua.